Kupimwa na Kuchaguliwa: Mwongozo kwa Mzazi na Kijana Aombaye Nafasi katika Vyuo Vikuu vya Marekani

Mtoto aliyelelewa chini ya mitihani ya taifa, ya Tanzania au ya Kenya, huingia chumba cha mtihani na namba yake. Kabila lake na hali ya nyumba yao havimfikii msahihishaji, na alama apatazo, ziwe nyingi au chache, ndizo zimfunguliazo au zimfungiazo mlango wa chuo. Utaratibu huu una kasoro zake, kwa kuwa aliyesoma shule yenye maabara na aliyesoma shule isiyo na maabara hutiwa katika mizani moja, lakini una jambo ambalo kila mtu, msomi na asiyesoma, hulifahamu: ni kupimwa. Kijana huyo huyo akigeuza uso wake kuelekea Harvard, Yale, Princeton au chuo kingine cha Marekani chenye sifa kubwa, hukutana na utaratibu mwingine kabisa, ambao haukusudii kumpima bali kumchagua, na nimeona vijana hodari wakivunjika moyo, na wazazi wao wakitolewa fedha kwa ghilba, kwa sababu ya kutojua tofauti ya maneno mawili haya. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yao.

Mfano wa kupimwa ni mizani ya mnunuzi wa karafuu: gunia likitundikwa, chuma husema uzito wake, na mwenye gunia akiona shaka hutaka lipimwe tena. Mfano wa kuchaguliwa ni nahodha akusanyaye mabaharia kabla ya kutweka tanga. Anahitaji rubani ajuaye nyota, serahangi wa kuamrisha kazi, seremala, mpishi na vijana wa kuvuta kamba. Akiisha kupata mpishi, mpishi wa pili, ajapokuwa na mkono mtamu kuliko wa kwanza, huachwa pwani bila ya kosa lolote. Kamati ya udahili hufanya kazi ya nahodha huyo. Hutafuta wa hisabati na wa mashairi, mpiga fidla na mkimbiaji, mtoto wa mjini na mtoto wa shamba, raia na mgeni, mpaka darasa zima litimie kama inavyolitaka. Na kwa kuwa chombo ni kidogo na walio pwani ni wengi, wengi wa walioachwa ni watu waliofaa kusafiri. Mwaka 2021 Harvard ilipokea maombi 57,435 ikakubali waombaji 1,968. Hapana mkono wa binadamu uwezao kuwatenga kwa insafu mtu wa 1,968 na wa 1,969 katika umati wa namna ile. Kwa hiyo kijana aliyekataliwa asidhani kwamba amehukumiwa, wala mzazi asimwulize mwanawe alikosea wapi, kama kwamba palikuwa na swali la saba lililojibiwa vibaya.

Uchaguzi wa jinsi hii una historia, na historia yake ni sharti ijulikane na kila aombaye, kwa kuwa ndani yake mna doa. Mpaka mwanzoni mwa karne ya ishirini vyuo hivi vilikuwa na mitihani ya kuingilia, na kijana aliyeishinda, aghalabu aliingia. Miaka ilivyopita, watoto wa Mayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki wakawa wanaishinda mitihani hiyo kwa wingi, hata kufikia mwaka 1922 walikuwa zaidi ya mmoja katika kila wanafunzi watano wapya wa Harvard. Rais wa chuo hicho, Abbott Lawrence Lowell, alitaka kuwawekea kikomo waziwazi. Upinzani ukawa mkubwa, ndani na nje ya chuo. Basi kikomo kilichoshindwa kuingia kwa mlango wa mbele kikapitishwa uani, na mwaka 1926 chuo kikaanza kutilia nguvu tabia na haiba ya mwombaji, pamoja na kudai picha ya uso wake, na idadi ya Mayahudi ikashuka. Mwaka huo huo wa 1926 ndio mtihani wa SAT ulipofanywa kwa mara ya kwanza, na James Bryant Conant, aliyemfuata Lowell katika urais mwaka 1933, aliutumia kuwatafuta vijana hodari wa majimbo ya mbali wasiokuwa na mali ili awape ufadhili. Hivyo mizani na jicho la mchaguzi vikaishi katika nyumba moja, na vingali vinaishi humo hata leo. Nayataja haya si kwa kumtia kijana chuki, bali ajue ya kwamba maneno kama tabia, uongozi na haiba, ambayo siku hizi hutumiwa na watu wengi wenye nia njema, yalitiwa katika udahili kwa nia mbaya, na kwamba neno lisilo na kipimo humfaa zaidi yule aliye karibu na mwenye kulitafsiri.

Walio karibu ni nani? Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014 na jumuiya iitwayo Students for Fair Admissions, ikasikilizwa Boston mwaka 2018, ilitoa hadharani hesabu ambazo chuo kilikuwa kimezifungia sandukuni, na watu wakaona kwamba ndani ya umati wa waombaji mna safu kadhaa zisizokwenda mwendo mmoja: safu ya wanamichezo walioteuliwa na makocha, safu ya watoto wa wahitimu wa chuo, safu ya watoto wa matajiri waliokifadhili, na safu ya watoto wa walimu na wafanyakazi wake. Mtoto wa mhitimu alikubaliwa takriban mara moja katika kila tatu, ilhali katika wengine wasio na nasaba hiyo hawakufika 6 katika kila 100. Mwezi wa Juni 2023, katika kesi hiyo hiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wa kuvikataza vyuo kutia rangi ya mwombaji katika hesabu, ingawa iliacha ruhusa kwa mtu kueleza katika insha yake jinsi rangi ilivyoyagusa maisha yake. Safu ya nasaba, ambayo haikuwa shauri lililoletwa mbele ya majaji, ilibaki kama ilivyokuwa. Mwaka huo huo wachumi watatu, Raj Chetty, David Deming na John Friedman, waliandika kwamba katika vyuo 12 vya daraja la juu kabisa mtoto wa tajiri aliye katika sehemu moja ya juu kwa mia, ana nafasi ya kusoma humo zaidi ya mara mbili kuliko mtoto wa mtu wa kati mwenye alama sawasawa na zake za mtihani wa SAT au mwenzake ACT.

Mimi sioni jinsi ya kuita jambo hilo haki, na nafurahi kuona kwamba Wamarekani wengi hawaoni pia. MIT na Caltech hazitazami nasaba; Johns Hopkins ilitangaza mwaka 2020 kuwa imeacha desturi hiyo, Amherst ikafuata mwaka 2021, na mwaka 2024 jimbo la California likapitisha sheria ya kuvikataza vyuo vyake vya binafsi kuwapendelea watoto wa wahitimu na wa wafadhili. Wewe uliyezaliwa Tanga, Kisumu au Bujumbura huna nasaba katika vyuo hivyo, wala baba yako hakujenga maktaba ya mtu. Usipoteze usiku wako kuzililia safu ambazo si zako. Itafute safu yako, uijue urefu wake, na usimame ndani yake wima.

Safu yako ni ya wageni waombao msaada wa fedha, na swali kubwa kuliko yote, ambalo nawasihi wazazi waliulize kabla ya kuuliza jina la chuo, ni hili: je, haja yetu ya fedha itahesabiwa katika kuamua kama mtoto akubaliwe au asikubaliwe? Vipo vyuo vichache ambavyo hujibu hapana kwa raia na kwa mgeni pia, kisha humtimizia aliyekubaliwa upungufu wote wa nyumba yao kwa kadiri chuo kitakavyoukadiria. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst vimo katika orodha hii tangu zamani kidogo. Dartmouth na Bowdoin vikaingia mwaka 2022, na Brown ikaanza na wanafunzi wa kuingia mwaka 2025. Vipo vingine, kama Stanford, Columbia na Williams, ambavyo kwa mgeni huitazama haja hiyo wakati wa kuchagua, yaani fungu la wageni likikaribia kwisha maskini huweza kuachwa akachukuliwa mwenye uwezo, lakini yule aliyekubaliwa hutimiziwa. Na vipo vingi mno, zikiwemo kampasi za University of California, ambavyo humkubali mgeni kwa furaha na kumpa hati ya ada yote bila ya msaada wa haja. Barua ya kukubaliwa na chuo cha namna hii ya tatu hupokewa kwa vigelegele mtaani, kisha husomwa tena usiku kwa taa, na nimeona mzee mmoja akiikunja na kuiweka ndani ya msahafu, asijue la kuifanyia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba chuo kilicho kigumu kabisa kuingia huenda kikawa ndicho rahisi kabisa kulipia, na chuo kisichojulikana hapa kwetu kikawa ghali kuliko Harvard. Kwa hiyo orodha ya kijana isipangwe kwa kufuata umaarufu. Apeleke maombi katika viwili au vitatu vya namna ya kwanza, maadamu alama zake ni za juu kabisa. Kisha achague kwa uangalifu mkubwa zaidi vyuo vidogo vya elimu ya jumla vya namna ya pili, ambavyo majina yake hayana mwangwi Kariakoo wala Nairobi lakini vina walimu wema na mifuko mizito. Na chuo cha nyumbani, Dar es Salaam, Makerere au Nairobi, kisikosekane kamwe katika mpango wake. Tena umaarufu wa chuo si sharti: mwaka 1959, Tom Mboya wa Kenya alipoanza kuwapeleka vijana Marekani kwa ndege iliyochukua wanafunzi 81, wengi hawakwenda katika vyuo vya kifahari. Na Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960, alisomea Mount St. Scholastica, chuo kidogo cha masista katika mji wa Atchison, Kansas, na huko ndiko alikoanza ile elimu ya viumbe iliyomfanya baadaye kuwa mtetezi wa misitu ya Kenya na kumpatia Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004.

Kuna wazazi washauriwao kuificha haja yao ili mtoto akubaliwe kwanza, kisha waombe msaada akishafika. Nawaonya wasifanye hivyo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba huo ni uongo. Ya pili ni kwamba vyuo vingi humzuia mgeni ambaye hakuomba msaada mwanzoni asiombe tena katika miaka yote ya masomo, na kijana hujikuta katika nchi ya baridi na deni asiloliweza. Ijazeni fomu ya fedha, aghalabu ile iitwayo CSS Profile, kwa hesabu za kweli; na kama baba ni mvuvi au mama anauza vitenge na hapana karatasi ya mshahara, andikeni barua ya wazi yenye mapato ya msimu mwema na ya msimu mbaya, idadi ya watoto na jamaa wanaotegemea nyumba hiyo, na ada zinazolipwa kwa ajili ya wadogo, ikatiwe mhuri na mtendaji wa kata au chifu. Ofisi za msaada zimezoea kusoma habari za watu wasio na mshahara. Ada ya kutuma maombi na ya fomu hiyo nayo huweza kusamehewa kwa asiyeweza. Iombeni bila ya haya.

Kuhusu kuomba mapema nitasema machache. Vyuo vingi hupokea maombi ya mapema tarehe 1 Novemba au karibu yake. Katika baadhi yake ombi hilo ni ahadi: ukikubaliwa ni lazima uende, na huna ruhusa ya kulinganisha msaada wa huku na wa kule; mtoto wa tajiri huitoa ahadi hiyo bila ya wasiwasi, na hapo faida nyingine humwendea. Harvard, Yale na Princeton huwa na ombi la mapema lisilofunga, ila ukilituma hukatazwa kutuma la mapema katika vyuo vingine vya binafsi. Mwenye haja ya fedha asitie saini ahadi ya kufunga ila katika chuo ambacho ameisoma kanuni yake ya msaada neno kwa neno, na kukipenda kuliko vyote.

Kalenda yao haikupangwa kwa ajili yetu. Maombi ya kawaida hufungwa mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka mwishoni mwa Machi, na masomo huanza Agosti au Septemba. Mtanzania wa Kidato cha Sita hufanya mtihani mwezi wa Mei, baada ya majibu kutoka. Basi ama aombe akiwa bado shuleni, kwa matokeo ya Kidato cha Nne, mitihani ya shule na makadirio ya walimu, au angoje mwaka mmoja aombe matokeo yakiwa mkononi. Mkenya amalizaye mtihani wake Novemba na kupata matokeo mwisho wa mwaka au mwanzo wa mwaka mpya hujikuta katika shida iyo hiyo. Majirani watasema kuwa kijana amekaa bure. Waacheni waseme, ila kijana asikae bure kweli: afundishe watoto, afanye kazi dukani au shambani, asome vitabu visivyo vya mtihani, na ajitayarishe kwa SAT. MIT iliurudisha mtihani huo kuwa sharti mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown na Harvard zikarudisha sharti la mitihani, kila kimoja kwa namna yake. Watu wengine huona sharti hilo kuwa dhuluma kwa maskini; mimi, baada ya kulitafakari, naona kwamba kwa kijana wa mbali ambaye shule yake haijulikani kwa mchaguzi yeyote, namba iliyo njema ni shahidi mwaminifu kuliko sifa, maadamu apate nafasi ya kujizoeza. Mazoezi rasmi ya bure yako katika Khan Academy. Na kwa kuwa tangu mwaka 2023 huku nje ya Marekani mtihani hufanywa kwa kompyuta, ambaye hajazoea kusoma maandiko marefu kwenye skrini aazime kompyuta hata ya shule jirani, azoee mwezi mzima, asije akapoteza alama kwa ugeni wa chombo.

Sasa nifike kwa barua za walimu, na hapa nitakawia, kwa kuwa naamini kwamba vijana wetu wengi huanguka mahali hapa bila ya wao kujua. Mwalimu wa kwetu akiombwa kumsifu mwanafunzi, huandika kwa heshima na kwa ufupi kwamba ni mtiifu, mwenye nidhamu, mcha Mungu, msafi, na hajapata kuadhibiwa. Barua hiyo kwetu ni sifa kubwa. Mwajiri wa Dodoma au Mombasa angeipokea kwa furaha. Lakini mchaguzi wa huko aliyekwisha kusoma barua mia kabla ya chakula cha mchana haoni ndani yake mtu yeyote. Anachotafuta ni kisa: siku ile mwanafunzi alipokataa jawabu la kitabu cha fizikia akathibitisha kwamba kitabu kimekosea, jioni zile alizobaki kuwafundisha wenzake wa kidato cha chini kwa chaki alizonunua mwenyewe, swali alilomwuliza mwalimu, na mwalimu akakesha nalo. Shule za matajiri za Marekani zina washauri wasiofanya kazi nyingine ila kuandika barua za namna hii, na hapo ndipo tofauti ya safu inapokuwa kubwa kuliko katika hisabati.

Basi, kijana, nenda kwa mwalimu wako miezi miwili kabla, si siku mbili. Mpe kwa adabu karatasi yenye habari zako: masomo unayoyapenda, kazi ulizofanya katika darasa lake, visa viwili vitatu ambavyo pengine amevisahau, na tarehe ya mwisho. Usimwandikie barua hiyo wewe mwenyewe, hata akikuambia uiandike naye atatia saini. Mwambie kwa upole kwamba sheria hairuhusu, kisha mwulize kama una ruhusa ya kumkumbusha visa. Mwombe mkuu wa shule aandike ukurasa mmoja wa kueleza shule yenu ilivyo: wanafunzi wangapi darasani, walimu wangapi wa sayansi, kama maabara ipo au haipo, wangapi walipata daraja la kwanza mwaka jana, na wewe ulikuwa wa ngapi. Ukurasa huo ni sehemu ya haki yako. Kamati ikijua ya kwamba darasani kwenu walikuwa wanafunzi themanini na kitabu kimoja kwa watano, alama yako ya B itasomwa kwa jicho jingine; isipoambiwa, itaisoma kama B ya mtoto aliyekuwa na mwalimu wa nyumbani.

Insha kuu ya maombi ina kikomo cha maneno 650. Kijana wetu akiambiwa ajieleze hufuata moja kati ya njia mbili: ama huandika hotuba kuhusu maendeleo ya Afrika, ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika, au huuza huzuni zake, akidhani kwamba machozi ndiyo sarafu ya huko. Shida ikiwa ya kweli na imekufunza jambo, itaje, lakini usisimame mlangoni pa wageni kama fakiri anayefunua kidonda. Andika juu ya kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako na ukakifikiri kwa akili yako: jinsi mjomba wako anavyokadiria maji ya kupwa bila ya saa, jinsi ulivyoitengeneza redio ikakushinda ukaitengeneza tena, kwa nini bibi yako hukataa kuuza mnazi mmoja tu katika shamba lote. Na katika ile fomu ya shughuli, ambamo mwombaji hujaza mpaka mambo kumi, usidhani kwamba zinahesabiwa klabu na vikombe tu. Kuchota maji, kulea wadogo, kumsaidia baba katika gereji, kutunza hesabu za duka la shangazi: haya yana nafasi yake humo, na mwandishi wa fomu ameyatengea kifungu chake. Taja saa kwa juma. Mtoto aliyefanya kazi saa ishirini kwa juma na bado akaongoza darasa lake ana la kusema zaidi kuliko aliyepelekwa ng'ambo na babaye kujitolea majuma mawili.

Sasa nifike kwa mawakala wanaolipwa ili kumwombea kijana nafasi. Niliwahi kuletewa insha nne za vijana wanne wasiojuana, ambao wazazi wao walikuwa wamemlipa mtu mmoja mjini, na katika zote nne mama alikuwa amekufa, taa ilikuwa ya kibatari, na kijana aliapa kurudi kujenga hospitali. Mama wa wawili kati yao walikuwa hai na wazima, na mmoja wao ndiye aliyenipa insha ile niisome. Sikuweza kumtazama usoni. Mwenye kuahidi nafasi katika chuo fulani, mwenye kudai sehemu ya ufadhili, mwenye kutaka nywila ya barua pepe ya mtoto, mwenye kusema kuwa anamjua mtu ndani: mkimbieni. Hata huko kwao wapo. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani ilifichua mambo ya William Singer wa California, ambaye kati ya mwaka 2011 na 2018 alipokea zaidi ya dola milioni 25 kutoka kwa wazazi matajiri, akiwahonga makocha wawaandike watoto kuwa wanamichezo wa michezo wasiyoicheza, na kupanga majibu ya mitihani yasahihishwe. Januari 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu, na wazazi kadhaa walikwisha kutangulia gerezani. Ushauri wa kweli hupatikana bure katika ofisi za EducationUSA, ambazo ziko Dar es Salaam na Nairobi. Kenya ina pia mipango iliyowaongoza vijana hodari wasio na mali kwa miaka mingi: Zawadi Africa, iliyoanzishwa na Susan Mboya, bintiye Tom Mboya, kwa ajili ya wasichana, na KenSAP, iliyoanzishwa mwaka 2004 na John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyepata nishani ya shaba ya mita 800 huko Munich mwaka 1972.

Majibu yakija na neno likiwa ni la kukubaliwa, msipike biryani kabla ya kuisoma barua ya fedha. Tazameni kama kilichoandikwa ni ruzuku au ni mkopo. Kama bima ya afya, vitabu, nguo za baridi na nauli ya ndege vimo. Kama saa za kazi ya chuoni zimehesabiwa kuwa sehemu ya msaada. Na kama msaada ni wa miaka yote minne au wa mwaka mmoja. Pakiwa na upungufu, kijana aiandikie ofisi ya msaada kwa adabu na kwa hesabu, mapema kabla ya tarehe 1 Mei, ambayo kwa desturi ndiyo siku ya mwisho ya kujibu, kwa kuwa ofisi hizo huweza kutazama tena hesabu zikionyeshwa jambo jipya. Kisha zifuatwe taratibu za viza kama ubalozi unavyozitangaza kwa wakati huo, si kama jirani alivyozifuata miaka mitatu iliyopita.

Likiwa ni la kuwekwa katika orodha ya kungoja, jibuni kwamba mnangoja, na mlipe ada ya kujiandikisha katika chuo cha nyumbani kana kwamba orodha hiyo haipo. Na likiwa ni la kukataliwa, kijana aachwe siku mbili tatu bila ya nasaha.

Jambo la mwisho ni kwa yule atakayesafiri. Kabla ya kufunga sanduku, rudi shuleni kwako ukiwa na bahasha. Tia ndani nakala ya ukurasa ule wa kuieleza shule, orodha ya tarehe zote, majina ya vyuo visivyoitazama haja ya mgeni, mfano wa barua ya mapato ya mzazi asiye na mshahara, na anwani ambayo mwanafunzi wa kidato cha chini anaweza kukuandikia. Mkabidhi mwalimu aliyekuandikia barua, umwombe aitunze katika kabati la ofisi, si nyumbani kwake, ili hata akihamishwa bahasha ibaki.